Mkeka wa nyuzi za nano unakatika upesi: umegawanya kani kwa eneo gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nipo shahada ya uzamili, na kazi yangu ni kusokota nyuzi za nailoni 6 kwa umeme, yaani umeme mkali unavuta myeyusho wa nailoni kuwa nyuzi nyembamba mno zinazolala kama mkeka. Nayeyusha nailoni kwenye asidi fomiki kwa asilimia 15, natumia kilovolti 20, na kutoka ncha ya sindano hadi bamba la kupokelea ni sentimita 15. Hadubini ya elektroni inanionyesha nyuzi safi za nanomita 300 hivi. Lakini nikivuta kipande cha mkeka chenye upana wa milimita 10 na unene wa mikromita 50, kinakatika kwa nyutoni 6, yaani uimara wa megapaskali 12 (megapaskali moja ni nyutoni moja kwa milimita ya mraba). Makala nilizosoma zinataja gigapaskali 1, yaani megapaskali 1,000, na kuendelea. Nimekosea wapi? Na je, nikishuka hadi nanomita 100 nitafika huko?

Jibu: Marahaba. Kwa maelezo yako, usokotaji wenyewe hauna kasoro kubwa. Kasoro ya kwanza iko kwenye kugawanya. Umechukua nyutoni 6 ukazigawa kwa upana mara unene, kana kwamba mkeka wako ni bamba la nailoni tupu. Mkeka uliosokotwa kwa umeme kwa kawaida ni hewa kwa asilimia 80 hadi 90, na hewa haibebi mzigo.

Kabla hujagusa mtambo tena, kata kipande cha urefu wa sentimita 5 na upana uleule wa milimita 10, ukiweke kwenye mizani nyeti. Tuseme imesoma miligramu 4.3. Hizo ni gramu 8.6 kwa mita moja ya mraba. Bamba la nailoni tupu lenye unene wa mikromita 50 lingekuwa na gramu 57 kwa mita ya mraba, maana densiti ya nailoni 6 ni gramu 1.14 kwa sentimita ya ujazo. Kwa hiyo nailoni iliyomo ndani ya mkeka wako ni asilimia 15 tu ya ujazo wake. Gawanya 12 kwa 0.15 unapata megapaskali 80. Hujabadilisha kitu chochote maabara, na jibu limepanda karibu mara saba.

Watu wa viwanda vya nguo walilimaliza jambo hili zamani kwa kukataa kupima unene. Wao hugawa kani kwa uzito wa uzi kwa kila urefu, na kipimo chao ni tex, yaani gramu kwa kilomita moja. Wana haki. Unene wa mkeka laini hutegemea umeubana kiasi gani kwenye kifaa cha kupimia unene: ukikaza kidogo unene unashuka na "uimara" unapanda bila uzi hata mmoja kubadilika. Uzito haubembelezwi hivyo. Nikipokea makala ya kukagua na nikaona megapaskali za mkeka bila uzito wake kwa mita ya mraba, huwa nairudisha kabla sijafika kwenye matokeo.

Bado kuna mwelekeo. Kwenye bamba lililotulia nyuzi huangukia kila upande, na ukivuta kuelekea kaskazini, uzi uliolala mashariki na magharibi unakutazama tu. H. L. Cox alikokotoa mwaka 1952 kwamba mtandao bapa wa nyuzi zilizotawanyika sawasawa pande zote una ukakamavu, yaani ugumu wa kurefushwa, wa theluthi moja ya ule wa nyuzi zenyewe. Hesabu ile ni ya ukakamavu, na uimara una tabia zake, kwa sababu nyuzi hazikatiki kwa pamoja na nyingine huteleza kwenye makutano badala ya kukatika. Ila kwa makadirio ya haraka, theluthi si mbaya. Ina maana nyuzi zako huenda zina megapaskali 240 hivi kila moja. Nailoni iliyomiminwa kwenye kalibu, ikiwa kavu, hukatika kwenye 80 hivi. Kwa hiyo umeishaipita nailoni ya kawaida, na hukujua.

Sasa hizo gigapaskali. Namba hizo hazitoki kwenye mikeka. Zimetoka ama kwenye uzi mmoja mmoja uliovutwa peke yake, ama kwenye kamba ya nyuzi zilizolazwa upande mmoja kisha zikavutwa tena kwa joto. Mfano unaotajwa sana ni kazi ya kundi la Yuris Dzenis, Chuo Kikuu cha Nebraska, iliyotoka mwaka 2013. Walivuta nyuzi za poliakrilonitrili, aina nyingine ya plastiki, moja moja, kuanzia kipenyo cha mikromita 2.8 hadi karibu nanomita 100. Uimara ulipanda kutoka megapaskali 15 hadi 1,750, na ukakamavu kutoka gigapaskali 0.36 hadi 48. Kilichowashangaza wengi ni kwamba ustahimilivu, yaani nishati ambayo uzi unaimeza kabla ya kukatika, nao ulipanda. Kwa kawaida nyuzi za viwandani zikiongezewa uimara hupoteza urefukaji na kuwa kama kijiti kikavu. Hizi hazikufuata njia hiyo, na maelezo yao ni kwamba fuwele ndani yake, yaani sehemu ambazo molekuli zimejipanga kwa safu, zilikuwa chache: molekuli zimenyooka, lakini hazijafungwa kwenye fuwele kubwa zinazozinyima nafasi ya kuteleza.

Wasomaji wengi wa kazi ile huondoka na somo moja tu, "punguza kipenyo", na swali lako la pili linanionyesha wewe pia umeondoka nalo. Kipenyo kidogo ni dalili. Chanzo ni molekuli kunyooka na kubaki zimenyooka.

Ni kweli wembamba peke yake una faida yake. A. A. Griffith alionyesha mwaka 1920 kwamba vijiti vya kioo huimarika kadiri vinavyokuwa vyembamba, kwa sababu ufa mkubwa hauna mahali pa kukaa ndani ya kijiti chembamba. Kamba hukatikia pabovu, na uzi wa nano hauna nafasi ya pabovu papana. Lakini hoja ya ufa inaeleza kukatika. Haielezi kwa nini ukakamavu nao umepanda zaidi ya mara mia. Ukakamavu unapimwa kabla ufa haujafanya kazi yoyote, kwa hiyo kuna kitu kimebadilika ndani ya uzi wenyewe.

Tazama kinachotokea angani. Umeme unapovuta tone kwenye ncha ya sindano, tone linachongoka na kuwa na umbo la pia (koni), ile ambayo Geoffrey Taylor alikokotoa mwaka 1964 kwamba nusu ya pembe yake ni digrii 49.3. Kwenye ncha ya pia unachomoka mchirizi, unakwenda wima sentimita kadhaa, kisha unaanza kujipinda na kuzunguka kama mjeledi. Kwa macho unaonekana kama ufagio wa nyuzi nyingi, na kwa muda mrefu watu waliamini mchirizi unapasuka vipande. Kamera za kasi zilionyesha kuwa kwa kawaida ni uzi mmoja tu unaojizungusha haraka kuliko jicho. Humo kwenye kuzunguka ndimo kazi yote inapofanyika. Mchirizi ulioanza na kipenyo cha mikromita 100 hivi ukaishia kwenye uzi mkavu wa nanomita 300 umerefushwa zaidi ya mara 10,000, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Molekuli zilizovutwa kwa kasi hiyo hunyooka. Tatizo ni kwamba hazipendi. Mara tu mvuto unapolegea, zinajikunja tena, na zitaendelea kujikunja maadamu kuna kiyeyushi cha kuzilainisha. Uzi mwembamba sana hukauka upesi, molekuli zinanaswa kabla hazijarudi. Uzi mnene hukauka ngozi kwanza huku ndani kukiwa bado ni majimaji, na molekuli za ndani zinapata muda wa kulala zitakavyo. Ndiyo maana mchoro wa uimara dhidi ya kipenyo hauna mteremko wa polepole: unakaa tambarare, halafu chini ya kipenyo fulani unaruka juu. Mahali pa kuruka hutegemea polima (yaani plastiki yenyewe yenye molekuli ndefu), kiyeyushi na hali ya hewa ya chumba, kwa hiyo nanomita 100 za wenzako hazina ahadi yoyote kwako.

Usidhani pia kwamba ngoma inayozunguka, ile inayowekwa badala ya bamba la kupokelea, itakumalizia kazi. Itumie, ndiyo, kwa sababu bila nyuzi zilizolala upande mmoja huwezi kuendelea. Ngoma ya kipenyo cha sentimita 20 kwa mizunguko 1,000 kwa dakika ina mwendo wa mita 10 na nusu kwa sekunde usoni mwake, na huo unatosha kulaza nyuzi nyingi. Lakini piga hesabu hii. Ukisukuma mililita 0.2 za myeyusho kwa saa, na nailoni ikiwa karibu asilimia 15 ya ujazo, uzi wa nanomita 300 unazaliwa kwa mita 118 kila sekunde. Ngoma inaukusanya kwa 10. Tofauti hiyo yote ni mikunjo na mizunguko. Ngoma hunyoosha mizunguko hiyo, haivuti molekuli kwa kiasi cha maana. Ukiiongeza kasi kupita kiasi inazalisha upepo wake yenyewe, nyuzi zinapeperuka au zinakatika, na mpangilio unaharibika tena.

Kinacholeta uimara ni kuvuta mara ya pili. Toa utepe wa nyuzi zilizolala pamoja, usokote kidogo ili zishikane, ukaushe mpaka kiyeyushi kiishe, kisha uvute taratibu ndani ya tanuri. Joto liwe juu ya lile ambalo polima hulainika na chini kabisa ya lile la kuyeyuka. Nailoni 6 ikiwa kavu hulainika karibu na nyuzi 50 za Selsiasi na huyeyuka karibu na 220, kwa hiyo una uwanja mpana wa kujaribu, na mimi ningeanzia 120. Ukishafika urefu unaotaka usiulegeze. Funga ncha zote mbili, uache uzi ukae kwenye joto ukiwa umekazwa, kisha upoe hivyo hivyo. Nimeona watu wakivuta vizuri kabisa halafu wakafungua vibanio uzi ukiwa bado wa moto. Unajikunyata mbele ya macho yako, na kazi ya asubuhi nzima inarudi ilikotoka.

Kundi la Andreas Greiner la Bayreuth, Ujerumani, lilifanya jambo la namna hii kwenye kazi yao ya mwaka 2019. Walisokota kopolima ya akrilonitrili (ndugu wa poliakrilonitrili ya Dzenis), wakaichanganya na kiasi kidogo cha kemikali inayounganisha molekuli jirani, wakavuta uzi kwenye nyuzi 160 za Selsiasi, kisha wakauacha ukiwa umekazwa kwenye 130. Walipata uimara wa megapaskali 1,236 kwa kamba nzima ya maelfu ya nyuzi, si uzi mmoja uliochaguliwa, na ustahimilivu wa jouli 137 kwa gramu. Mimi naiheshimu namba hiyo kuliko nyingine kubwa zaidi, kwa sababu kamba haikubembelezi: ikiwa na nyuzi dhaifu, zinaonekana. Kwa upande mwingine kuna polietilini yenye molekuli ndefu mno, ambayo kundi la Gregory Rutledge la chuo cha MIT, Marekani, liliisokota ikiwa ya moto, ikigeuka jeli ikiwa angani. Nyuzi zao bora, zenye nanomita 490 hivi, zilifika karibu gigapaskali 6.3. Tazama kipenyo: ni kinene kuliko chako. Polietilini ina mnyororo laini usio na matawi wala vifungo vya haidrojeni, unavutika mpaka karibu kunyooka kabisa. Nailoni ina vifungo vya haidrojeni kila baada ya hatua chache, na hivyo ndivyo vinavyokataa kuvutwa. Uzi wa nailoni wa viwandani, baada ya miongo mingi ya ujuzi, upo kwenye megapaskali 500 hadi 900. Ukifika 600 kwa nyuzi za nano za nailoni, andika makala bila aibu.

Kuhusu myeyusho sitasema mengi, maana nyuzi zako ni safi. Ukiona shanga, yaani vinundu, kwenye uzi, molekuli hazijashikana vya kutosha: ongeza kiasi cha polima au tumia yenye molekuli ndefu zaidi. Pima unyevu wa chumba na uuandike kila siku. Na usiuweke myeyusho wa nailoni kwenye asidi fomiki wiki nzima ukauita uleule; asidi huzikata molekuli pole pole, mnato unashuka, na uzi wa Ijumaa si ndugu wa uzi wa Jumatatu. Asidi hiyo inaunguza ngozi na mapafu, na kilovolti 20 lazima uziheshimu hata mtambo ukiwa umezimwa: gusisha sindano na waya wa ardhini kwanza.

Sasa kupima uzi mmoja, maana hapo ndipo namba za ajabu huzaliwa. Uzi wa nanomita 300 una eneo la mkato la mita za mraba 7.1 mara 10 kipeo hasi 14. Ukiwa na uimara wa gigapaskali 1, unakatika kwa mikronyutoni 71. Huo ni uzito wa miligramu 7. Mashine ya maabara iliyovuta mkeka wako kwa nyutoni 6 haiwezi kuhisi kitu hicho. Unahitaji mashine ya kuvutia nyuzi za nano yenye kihisi cha mikronyutoni, au vifaa vidogo vilivyochongwa kwenye silikoni, au hadubini ya kani za atomi ambayo inabonyeza uzi uliolazwa juu ya mfereji. Hiyo ya mwisho hukupa ukakamavu. Uimara wa kuvutwa ni habari nyingine, na wako wanaochanganya.

Uzi unakamatwa hivi. Kata fremu ya karatasi yenye dirisha la milimita chache, ipitishe haraka mbele ya mchirizi hadi uzi mmoja utande dirishani, uukague kwa hadubini ya mwanga ukiutafuta kwa taa ya pembeni, ugandishe ncha mbili kwa tone la gundi, funga fremu kwenye mashine, kisha kata kingo za karatasi ili mzigo ubaki kwa uzi peke yake. Zima feni. Nilipoanza kazi hii nilipoteza nyuzi tisa kati ya kumi, na ya kumi niliikata mimi mwenyewe kwa kupumua karibu nayo.

Halafu kipenyo. Eneo linakwenda na kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo ukisoma 300 badala ya 330 umejiongezea uimara wa asilimia 21 bila jasho. Dhahabu unayopaka ili hadubini ione vizuri ina unene wake, nanomita kadhaa kila upande. Kwa uzi wa mikromita 3 haina maana. Kwa uzi wa nanomita 100 inaweza kuwa sehemu ya kumi ya unachokipima, na wakati huu kosa linakwenda upande wa kukupunja. Pima kipenyo cha uzi uleule uliouvuta, vipande vyake vyote viwili, sehemu kadhaa. Wastani wa kipenyo cha mkeka mzima haufai, kwa sababu uzi uliofanikiwa kuukamata huwa si wa wastani: mara nyingi ni ule mnene uliostahimili mikono yako. Toa matokeo ya nyuzi 20 au 30, zote kwenye mchoro mmoja dhidi ya kipenyo, hata zilizokatika mapema, isipokuwa zilizochomoka kwenye gundi. Andika urefu wa dirisha na kasi ya kuvuta. Na kwa kuwa nailoni hunywa maji na maji huilainisha, andika unyevu wa chumba siku ya kupima. Nailoni kavu na nailoni iliyolala kwenye hewa ya unyevu ni kama polima mbili.

Uthibitisho wa kwamba molekuli zimenyooka usiutoe kwenye mashine ya kuvutia. Utoe kwenye eksirei: elekeza miale kwenye utepe wa nyuzi zilizolala pamoja. Zikiwa ovyo utaona pete kamili. Kadiri zinavyojipanga pete inakatika na kubaki tao mbili fupi, na upana wa tao ndio kipimo chako. Lakini tao hizo zinakuambia habari za fuwele peke yake. Kwa sehemu zisizo fuwele, tumia mwanga wa infraredi au wa Raman (mwanga wa leza unaotawanywa na molekuli) uliochujwa ukabaki na mwelekeo mmoja, ukiulinganisha sambamba na uzi na kukingama nao. Nailoni 6 ina jambo lake la ziada: ikisokotwa kwa umeme, mara nyingi huganda kwenye fuwele za aina ya gama, na joto la kuvuta huzigeuza kuwa za aina ya alfa, zenye mpangilio tofauti wa molekuli. Ukiona uimara umepanda baada ya tanuri, angalia yote mawili kabla ya kusema ni mwelekeo tu.

Kwa hiyo nanomita 100 ziache kwanza. Ukishuka hadi huko kwa kupunguza nailoni kwenye myeyusho, shanga zitakutembelea, na uzi wa gigapaskali 1 utakatika kwa mikronyutoni 8, ambazo huenda huna kihisi chake. Anza na mizani: kila kipande ulichokwisha kata kipime uzito na ukokotoe upya. Halafu weka ngoma, vuta utepe kwenye tanuri kwa viwango vitatu vya urefu, na kila kimoja ukipige eksirei kabla ya kukivuta hadi kukatika. Tao zikipungua upana na uimara ukabaki palepale, niandikie tena na unitumie picha za ncha zilizokatika, maana hapo nitashuku kiyeyushi kilichobaki ndani au nyuzi zinazoteleza bila kukatika.